Vidonge vya damu vinakuchafua roho? Anza kwa kuangalia saa

Kopo la maziwa ya unga lilikuwa uvunguni mwa kitanda changu. Wifi yangu alilikuta siku aliyokuja kunisaidia kufagia, akalitikisa, likalia kama kayamba. Ndani mlikuwa na vidonge vya kuongeza damu vya miezi miwili, vingine vimeshagandana kwa unyevu wa masika. Kila nikitoka kliniki nilikuwa navipokea, nashukuru, naja navyo nyumbani Wete, navitia humo. Ilikuwa mimba yangu ya pili. Wiki ile ile nikapimwa damu ikasomeka 8.2, na mja mzito anatakiwa asipungue gramu 11 kwa desilita.

Mkunga aliyenihudumia siku hiyo, mtu mzima, hakunigombeza. Alivuta kiti akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ukishakimeza, mwanangu, roho yaanza kukuchafuka baada ya muda gani?" Sikujua. Nilichojua ni kwamba kidonge kibaya. Akanambia nikameze usiku ule saa ikiwa mbele yangu, siku tatu mfululizo, kisha nirudi na jibu.

Basi na wewe, shoga yangu, kabla hujatafuta kopo lako, fanya hivyo hivyo. Chukua karatasi, au nyuma ya kalenda ya ukutani. Andika saa uliyomeza, ulikula nini, ulishushia na nini, na saa roho ilipoanza kuchafuka. Siku tatu zinatosha. Ukishaipata hiyo saa, tafuta hapa chini inapoangukia.

Kwanza ujue kilicho ndani

Kidonge cha kliniki, wenyewe wanakiita fefo, kina vitu viwili: madini ya chuma na foliki asidi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mja mzito ni miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, pamoja na miligramu 0.4 za foliki. Foliki ni mpole, ni nadra kumsumbua mtu. Mkorofi ni chuma. Kinawasha ukuta wa tumbo, na kile kisichonyonywa kinateremka kwenye utumbo kikifanya fujo njia nzima.

Vile vidonge vikubwa vya vitamini mchanganyiko vya duka la dawa navyo vina chuma ndani, mara nyingi kidogo zaidi, na juu yake vina vitamini B zenye harufu nzito. Kwa hiyo mtu anaweza kuchafukwa na chuma, au na harufu, au na ukubwa wa kidonge chenyewe. Dawa ya kila kimoja ni tofauti.

Roho inachafuka hata hujameza

Unafungua pakiti tu, mate yanajaa mdomoni. Au kidonge kinafika kooni kinagoma, kinarudi. Hapa tumbo halina kosa, maana kidonge hakijalifikia. Ni pua na koo.

Angalia kwanza hali ya vidonge vyenyewe. Kwetu hewa ina chumvi na unyevu, na kidonge cha chuma kikipata unyevu kinatoka madoa na kinatoa harufu ya msumari wenye kutu. Vikiwa vimegandana au vimebadilika rangi, virudishe ubadilishiwe. Vizuri viweke kwenye kichupa chake kilichokazwa kifuniko, mbali na jiko na mbali na dirisha. Usivihamishie kwenye kijaluba cha pipi.

Kisha mpe mtu mwingine akutolee kidonge. Mimi mume wangu ndiye aliyekuwa ananitilia kwenye kijiko cha ndizi mbivu iliyopondwa. Nafumba macho, nabana pua, nameza. Ndizi inakifunika, na baridi inasaidia: tonge la ndizi au la papai lililoiva, maji ya baridi kiasi. Usikitafune wala usikisage. Ukikisaga ladha ya chuma inakaa mdomoni hadi kesho yake na meno yanachafuka.

Wapemba wenzangu watanielewa nikisema msimu wa karafuu ni balaa peke yake. Karafuu zimeanikwa uani kwenye majamvi, jua kali, na wewe una mimba ya miezi miwili. Wengine harufu ile inawatuliza, mimi ilikuwa inanitoa hadi maji ya jana. Msimu ule nilikuwa namezea ndani, mlango umefungwa, usiku ambapo karafuu zimeshatiwa maguniani. Kama nyumba yenu wanakaanga samaki wakati wako wa kumeza, badilisha wakati.

Dakika kumi, robo saa

Hii karibu kila mara ni tumbo tupu. Mtu anaamka alfajiri, anasali, anakumbuka kidonge, anameza na gilasi ya maji, na kabla chai haijawa tayari yuko chooni.

Utasikia ushauri kwamba chuma hunyonywa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Ni kweli. Lakini ukikitapika hukunyonya kitu. Kula kwanza, angalau nusu ya boflo kavu, kipande cha muhogo wa kuchemsha, au mbatata mbili, ndipo umeze katikati ya chakula, si baada ya kushiba hadi kooni. Chakula kitapunguza kiasi cha chuma kinachoingia mwilini, na hilo utalifidia kwa ndimu: kamulia kwenye mchuzi, au shushia kidonge na juisi ya bungo, chungwa au pera. Vitamini C inakisaidia chuma kuingia. Ila kama una kiungulia, juisi kali itakuunguza zaidi. Hapo kula chungwa zima pamoja na chakula, usinywe juisi peke yake.

Na mimi naongeza langu: usimeze siku unayopanda boti kwenda Unguja kabla hujafika. Ule mkondo haumuonei huruma mtu aliye mzima, seuze mja mzito mwenye chuma tumboni. Kimeze ukishafika, umeshakula.

Nusu saa hadi saa moja

Jibu langu mimi lilikuwa hili: dakika arobaini, siku zote tatu. Huku ndiko chuma chenyewe kinakoonekana. Umekula, umemeza vizuri, umekaa, halafu linakuja wimbi. Mate, jasho la kipaji, tumbo linajikunja.

Dawa ya kwanza ni rahisi mno, nami nilikasirika kwamba hakuna aliyenambia kabla. Kula chakula cha usiku, meza, kaa kidogo, kisha lala. Zile dakika arobaini zinakukuta usingizini. Wengi inawatosha hiyo tu. Ila usilale papo hapo baada ya kumeza. Kaa wima angalau nusu saa na kidonge ukishushie maji ya kutosha, kisije kikanasa njiani na kuunguza koo.

Isipotosha, hesabu unameza chuma mara ngapi. Hapa ndipo ninapowakuta shoga zangu wengi. Ana fefo ya kliniki. Ana vitamini aliyoletewa na dada yake kutoka Dar es Salaam. Na ana chupa ya dawa ya maji ya kuongeza damu aliyoshauriwa na jirani. Vyote vitatu vina chuma, na vyote anavimeza asubuhi. Kigegezi, yaani huko kuchafukwa roho, kinapanda kadiri chuma kinavyoongezeka. Vibebe vyote, chupa na pakiti zake, ukamwoneshe mkunga akwambie kipi kibaki. Kuna jambo jengine la kuangalia humo: vitamini A. Ikizidi mno miezi ya mwanzo inaweza kumdhuru mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo maini, ambayo bibi zetu wanayasifu kwa damu, na kweli yana chuma kingi, usiyale kila siku mimba ikiwa changa.

Ikiwa unameza kimoja tu na bado unateseka, rudi kliniki uombe kubadilishiwa. Chuma kinakuja katika sura tofauti. Miligramu 60 za chuma halisi zinapatikana katika miligramu 300 za ferasi salfeti, au 180 za ferasi fumarati, au 500 za ferasi glukoneti. Namba kubwa kwenye pakiti kwa hiyo haina maana ya chuma kingi zaidi. Tumbo linalogomba na aina moja wakati mwingine linapatana na nyengine, au linapatana na dozi ndogo ya miligramu 30. Kuna pia kumeza siku moja na kuacha siku moja: mwili ukishapata chuma hujifungia mlango kwa muda wa siku moja hivi, ndiyo maana wako wanaopangiwa hivyo. Lakini apange mtoa huduma aliyekwisha kukupima damu. Mwenye 8.2 kama mimi hana ruhusa ya kujipangia.

Na kama mimba bado changa, chini ya wiki 12, na hata maji hayakai tumboni, muulize mkunga juu ya kutumia foliki asidi peke yake kwanza, chuma kifuate roho ikitulia. Foliki ndiyo isiyosubiri, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unafunga mapema sana, ndani ya wiki nne hivi tangu mimba kutunga. Mahitaji ya chuma yanapanda zaidi nusu ya pili ya mimba, na kufikia hapo kigegezi cha wengi kimeshaondoka.

Ukitapika kidonge, usimeze chengine kufidia. Ngoja wakati wake wa kawaida. Ukisahau jana, leo usimeze viwili.

Chai

Nimeipa sehemu yake kwa sababu Mzanzibari bila chai ya asubuhi na ya alasiri hajawa mtu. Majani ya chai yana kitu kinachokikamata chuma kisinyonywe, na maziwa nayo yana kalisi, yaani kalsiamu, inayokizuia. Chai ya maziwa basi ina vizuizi viwili katika kikombe kimoja. Kahawa ni vile vile. Ukishushia fefo na chai ya maziwa utachafukwa na roho na damu isipande, umepata hasara zote mbili. Tenganisha kwa saa moja hadi mbili, kabla na baada. Vidonge vya kalisi na dawa za kiungulia nazo zipangie saa nyengine.

Chai ya tangawizi isiyo na majani, yaani tangawizi iliyopondwa ikachemshwa na sukari kidogo, haina tatizo hilo, na tangawizi kwa kigegezi cha mimba inasaidia wengi. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa siku kinatosha. Usifanye mapishi ya birika zima.

Nao udongo. Wapo wanaotafuna udongo, au mchele mbichi, eti unatuliza roho. Hamu hiyo yenyewe mara nyingi ni dalili ya damu kupungua, na udongo ukifika tumboni unakikamata chuma unachojilazimisha kumeza. Huenda ukakuletea minyoo pia, na safura inakula damu. Mwambie mkunga bila haya. Dawa ya minyoo hutolewa mimba ikishapita miezi mitatu ya mwanzo.

Siku ya tatu, ya nne

Kidonge chenyewe hakikusumbui ukikimeza. Lakini tumbo limejaa, limekaza, chakula hakiteremki, na roho inachafuka jioni bila sababu. Uliza swali lisilo la adabu: choo ulikwenda lini? Chuma kinafunga choo, mimba nayo inafunga choo, na tumbo lisilotoka linarudisha kigegezi juu. Kunywa maji zaidi, kula mbaazi, kunde, mchicha, papai lililoiva, tembea kidogo jioni jua likishapoa. Isipokwenda kwa siku kadhaa, nenda ukapewe dawa ya kulainisha choo inayofaa mimba. Usinywe dawa kali za kuharisha za kienyeji, zinaweza kukunja tumbo vibaya.

Choo kuwa cheusi kisikutishe, ni chuma kilichobaki. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami, chenye uvundo mkali, au kina damu nyekundu, na tumbo linauma, hiyo ni habari nyengine. Nenda ukaonekane.

Kutwa, uwe umemeza au hukumeza

Karatasi yako ya siku tatu ikionesha roho inachafuka saa zote, kidonge kinasingiziwa. Hicho ni kigegezi cha mimba. Huanza kwenye wiki ya 6, hupanda hadi wiki ya 9 hivi, na kwa wengi huisha kati ya wiki ya 16 na ya 20. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, kitu kikavu kabla hujanyanyua kichwa kwenye mto, na maji tenga na chakula. Vitamini B6 inasaidia, na mtoa huduma anaweza kukupangia kiasi.

Ukianza kuchafukwa ghafla mimba ikiwa ya miezi mitano au sita, baada ya kutulia, usiseme ni fefo tu. Tazama sehemu ya hatari hapo chini.

Mwezi wa Ramadhani

Mja mzito anayejihofia mwenyewe au mtoto wake ana ruhusa ya kutofunga, na siku zake zinamngoja. Ukiwa na damu ndogo au unatapika, zungumza na mkunga kabla ya mwezi kuandama. Anayefunga kwa afya yake asimeze wakati wa kufungulia. Tende, uji, sambusa na chuma kwa pamoja ni kujitafutia. Futuru, pumzika, sali tarawehe, kisha meza pamoja na chakula cha usiku. Daku si wakati mzuri: dakika arobaini baadaye umeshaanza kufunga, na ukitapika huna ruhusa ya kuteremsha hata funda moja la maji.

Usikae nyumbani ukitafuta sababu

Nenda hospitali, mchana au usiku, ikiwa chakula wala maji hayakai kwa siku nzima, mkojo umekuwa wa rangi ya chai au hujakojoa tangu asubuhi, unaona kizunguzungu ukisimama, umepungua uzito, umetapika damu, au macho yamegeuka manjano. Homa pamoja na kutapika ipimwe malaria, hasa kama umerudi karibuni kutoka bara. Imepungua sana visiwani kwetu, lakini inasafiri na watu. Homa na maumivu ya kiuno, mkojo ukiunguza, ni maambukizi ya njia ya mkojo.

Na mimba ikishavuka wiki ya 20: kichwa kinauma hakiachi, macho yanaona nyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono imevimba, roho inachafuka. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinakuja. Usimalize hata kikombe ulichoshika.

Kopo langu

Nilirudi kwa mkunga na karatasi yangu: dakika arobaini, mara tatu. Akanihamishia usiku, akaniondolea chai ya maziwa ya alasiri, akanibadilishia aina ya chuma. Kufikia miezi tisa nilikuwa na 10.6, si 11, lakini si 8.

Kopo nililitupa, na wewe usihifadhi vidonge kwenye kopo la kitu cha kula. Fefo ni nyekundu, inang'aa, na mtoto wa miaka miwili anaiona peremende. Vidonge vichache tu vinaweza kumuua. Viweke juu, pafungwe. Mtoto akivimeza, mkimbize hospitali na pakiti mkononi hata kama anacheza. Anaweza kutapika, akatulia saa kadhaa ukadhani amepona, kisha hali ikageuka.